Maji Asiyoyamwaga Mama Mkubwa

Jaji hakuwa jaji wa kitu chochote. Alikuwa msichana wa miaka kumi na sita, mwembamba, mwenye makovu magotini, na jina hilo alilipata bwenini kwa sababu ya uso wake. Uso huo haukuwahi kucheka wakati usiotakiwa. Siku matroni alipokuta viatu vya bweni zima vimefungwa kamba na kuwa mtungo mmoja kama wa samaki, wasichana wote waliangua kicheko na wote wakaadhibiwa. Jaji, aliyezifunga kamba hizo kwa mikono yake miwili, alisimama pembeni akitikisa kichwa kwa masikitiko ya mtu anayeshuhudia maadili yakiporomoka. Matroni akamteua asimamie adhabu.

Likizo ile mama yake alikuwa masomoni mji mwingine, basi Jaji akapelekwa kwa mama mkubwa. Mama mkubwa alikuwa mfamasia. Duka lake la dawa lilikuwa chini, nyumba yake juu, na katikati palikuwa na ngazi nyembamba iliyonuka spiriti. Watu wa mtaa walimwita Daktari, naye alichoka kuwasahihisha zamani sana. Dawa za wateja wake alizijua kwa kichwa. Mtu alikuwa hajamaliza hata kusalimia, mama mkubwa kashanyoosha mkono kwenye rafu: "Zako za presha hizi hapa. Na mguu je, umepungua kuvimba?" Kichwa hicho kilikuwa fahari yake ya kwanza.

Fahari ya pili ilikuwa mimea ya nyoka ya vyunguni.

Ilikuwa minne: mmoja sebuleni kando ya televisheni, mmoja kwenye korido karibu na bafu, mmoja jikoni juu ya kabati la vyombo, na mkubwa kuliko yote ulikuwa dukani, pembeni mwa kaunta, ambapo majani yake yaliwafika wateja wafupi kidevuni. Yalikuwa majani marefu, manene, yamesimama wima kama mapanga yaliyochomekwa udongoni, ya kijani yenye mawimbi meusi katikati na ukingo wa njano pande zote mbili.

"Huu si mmea wa mtu mwenye wasiwasi," mama mkubwa alimwambia Jaji siku ya kwanza. "Ukiubembeleza sana, umeuua. Jua la kuchoma hautaki, kivuli unavumilia, na maji ni mpaka udongo ukauke kabisa. Ukisafiri mwezi mzima, utaukuta hapo hapo, haujanuna. Ndiyo maana naupenda. Unajua kukaa na watu bila kuwasumbua."

Aliposema hivyo alimtazama Jaji kama mtu aliyewahi kuisoma ripoti yake ya shule.

Kila Jumamosi asubuhi, kabla duka halijafunguliwa, mama mkubwa alivizungukia vyungu vyake. Alikunja mkono wa gauni, akakididimiza kidole cha shahada udongoni hadi kiungo cha pili, akafumba macho kama anayesikiliza mapigo ya moyo wa mgonjwa, kisha akatamka: "Bado," au, "Leo." Mmea wa "Leo" ulipata kikombe kimoja cha maji. Mmea wa "Bado" haukupata kitu. Baada ya hapo aliyafuta majani vumbi kwa kitambaa chenye unyevu, jani moja moja, kutoka chini kwenda juu, akiwa ameyashika kwa nyuma kama mtoto anayenawishwa uso.

Jaji aliitazama ibada hiyo kwa heshima zote. Kisha likamjia wazo la kukifanya kidole kile kisikute udongo mkavu tena.

Kazi yenyewe ilitaka ustadi. Ukimwaga maji juu, udongo unang'aa na kisahani cha chini kinajaa, na kesi inakwisha kabla haijaanza. Basi Jaji akashuka dukani, na wakati dada wa kaunta, msaidizi wa mama mkubwa, ameinama kutafuta plasta, akachomoa kwenye boksi bomba moja kubwa la plastiki kama la sindano, lile linalotumika kuwalishia wagonjwa wanaolishwa kwa mpira. Alilijaza maji bafuni. Akalichomeka udongoni nyuma ya majani, upande wa ukutani, kwa kina kile kile cha kidole cha mama mkubwa, akasukuma polepole. Juu udongo ulibaki mkavu kama unga. Chini ilikuwa masika.

Hotuba alishaitunga. Siku ya mwisho ya likizo, wakiwa mezani, angesimama na kusema: "Waheshimiwa wanafamilia, naomba kutoa ufafanuzi kuhusu hali ya hewa ndani ya vyungu." Baba mkubwa angecheka hadi akohoe. Mama mkubwa angemkimbiza na kandambili.

Jumamosi ya kwanza kidole kiliingia kwenye chungu cha sebuleni. Mama mkubwa alifumba macho. Akayafumbua. Akakitoa kidole, akakitazama kilivyopakwa tope, akakifuta.

"Bado," alisema.

Kwenye korido, bado. Jikoni, bado. Dukani alikaa na kidole udongoni muda mrefu.

Jaji, aliyekuwa ameketi ngazini na kikombe cha chai, hakupepesa hata kope. Moyoni alikuwa anagaagaa kwa kicheko. Akaendelea na kazi ya taifa wiki ile, na iliyofuata, na nyingine zaidi.

Jambo moja tu halikuwa kwenye mpango: mama mkubwa hakulalamika. Jaji alitegemea maswali, mshangao, pengine fundi bomba kuitwa. Badala yake mama mkubwa alizidi kuwa mkimya. Siku moja wakati wa chakula alimuuliza mumewe, kama anayeuliza habari za mbali, "Wewe huwa unainyeshea ile mimea?"

Baba mkubwa alikuwa dereva wa malori aliyestaafu, na sasa safari zake zilikuwa kati ya kiti na kitanda. "Mimi?" alisema. "Mimi hata hizi nywele zangu sizinyeshei, ndiyo maana unaona zimekauka zote. Nani kasema?"

"Hakuna," mama mkubwa alijibu. "Nimeuliza tu."

Hakumuuliza Jaji. Haikumpitia akilini kwamba kuna mtu wa kumuuliza.

Kisha jani la kwanza likalala. Lilikuwa la chungu cha jikoni: liliinama taratibu, na mama mkubwa alipolishika likachomoka lenyewe, shina lake limekuwa laini, la kahawia, likinuka kama kitunguu kilichosahaulika kwenye mfuko. Alilishika kwa mikono yote miwili. "Limeoza kwa maji," alisema kwa sauti ndogo. "Mimea yangu mimi. Imeoza kwa maji."

Hapo Jaji aliacha kucheka moyoni. Lakini alijiambia kwamba mzaha mzuri una gharama zake, na jani ni jani.

Mchana ule alitumwa dukani kusaidia kupanga rafu. Akaingia mzee mmoja mwenye fimbo, mteja wa miaka mingi, na akasimama akisubiri mkono unyooshwe kwenye rafu kama kawaida. Mkono haukunyooshwa.

"Naomba nione cheti chako cha dawa," mama mkubwa alisema.

"Cheti?" mzee akacheka. "Daktari, cheti changu si wewe? Hata mke wangu akitaka kujua ninaumwa nini, namwambia akuulize."

"Nione tu, baba."

Alikisoma cheti, akaenda rafuni, akarudi na boksi, akalisoma, akakisoma cheti tena. Akamgeukia dada wa kaunta. "Hebu nisomee hapa. Ni hii, siyo?"

"Ni hii, mama."

"Una uhakika?"

"Ndiyo hiyo hiyo anayochukua siku zote, mama."

Akalitazama boksi mara nyingine kabla ya kuliachia. Mzee alipokea dawa yake bila utani tena, akatoka akigeuka nyuma. Jaji alikuwa amepiga magoti nyuma ya rafu ya sabuni, chupa mkononi, na kwa mara ya kwanza tangu azaliwe alipata shida kuupanga uso wake.

Siku hiyo aliacha kunyeshea. Alijipongeza kwa uamuzi huo kama mtu aliyerudisha alichokiiba. Udongo utakauka, alifikiri, kidole kitasema "Leo", na mambo yatajipa. Lakini mimea ile haikuwa na haraka ya kunywa. Sifa yake yote ilikuwa hiyo. Maji aliyoisukumia yalikaa chini kwenye giza la chungu, hayanyweki, hayakauki, na Jumamosi iliyofuata kidole kilitoka na tope vile vile. Mizizi iliyooza haivuti kitu. Jani la korido likaanguka, kisha mawili ya sebuleni kwa pamoja.

Jumatatu alitumwa mkate. Wakati wa kurudi, alikuwa amefika katikati ya ngazi aliposikia sauti za jikoni.

"Mke wangu, mimea tu hiyo," baba mkubwa alikuwa anasema.

"Siyo mimea tu. Nainyeshea, halafu sikumbuki. Narudi nainyeshea tena. Nimejaribu kukumbuka hata mara moja nikiwa nimeshika kikombe, sikumbuki. Na bomba la kulishia wagonjwa limepungua moja kwenye boksi. Nimelihesabu boksi lile mpaka nikakaa chini. Sijui nimempa nani."

"Kila mtu anasahau."

"Mama yangu alianza hivi hivi. Chumvi. Alitia chumvi mara mbili, sisi tukacheka. Tulimcheka mezani, unasikia? Mwaka uliofuata akaniita mimi kwa jina la dada yake." Sauti yake ikapasuka. "Mtu anayenyeshea mara mbili atampa mtoto wa watu dawa mara mbili. Sitasubiri mpaka niue. Nimeshaongea na yule kijana mfamasia wa mtaa wa pili. Anakuja kesho kuliona duka. Na ndugu zangu nimewaambia, wajiandae."

Kilichofuata kilikuwa kilio cha mtu asiyezoea kulia, kinachokatika na kuanza upya kama gari lililoishiwa betri. Jaji alibaki ngazini amekumbatia mkate. Alikuwa amekuja kwenye nyumba hii na mabegi mawili na uso mmoja wa kubuni, na kwa bomba la plastiki alikuwa amemtoa mwanamke mzima kwenye akili yake mwenyewe. Alitamani ngazi ipasuke immeze. Ngazi ilikuwa ya saruji.

Mtu mwingine angeingia jikoni pale pale na kusema. Jaji alipiga moyo konde, akaingia, na akasema, "Mama mkubwa, mimi nadhani kuna bomba linavuja ukutani. Bwenini kwetu lilivuja hivyo hivyo, maji yakawa yanatokea mahali hata hayaeleweki."

Baba mkubwa alitazama pembeni. Mama mkubwa alijifuta macho kwa upande wa khanga, akamvuta karibu, akamshika shavu.

"Umesikia, eeh? Mwanangu una moyo mzuri," alisema. "Unataka kunifariji. Lakini chungu hakigusi ukuta, mama. Lete mkate tule."

Jaji aliumega mkate ule vipande vidogo, akaviacha kwenye sahani.

Kesho yake kijana wa mtaa wa pili alifika, nadhifu, viatu vinang'aa, akitembea dukani kwa adabu ya mtu aliyeingia chumba cha mgonjwa. Aligusa rafu kwa ncha za vidole. Mama mkubwa alimwonyesha friji ya chanjo na kabati la dawa za kufungiwa, akieleza kila kitu mara mbili kisha akiomba radhi kwa kueleza mara mbili. Dada wa kaunta alikuwa anapanga kilichokwisha kupangwa, macho mekundu. Pembeni mwa kaunta, mmea mkubwa ulibakiwa na majani matatu, na moja lilikuwa limeegemea ukuta kama mlevi.

"Basi, Daktari," kijana alisema, "ukiwa tayari tukae tuzungumze."

"Niko tayari."

"Hapana," alisema Jaji.

Wote waligeuka. Alikuwa amesimama kwenye ngazi ya mwisho.

"Ni mimi," alisema. "Mimi ndiye nilikuwa nainyeshea. Yote. Kwa siri. Ilikuwa utani."

Hotuba yake nzuri, yenye waheshimiwa wanafamilia, haikujitokeza kusaidia. Mama mkubwa alimtazama kwa huruma, na huruma ile ilimchoma Jaji kuliko kofi.

"Mwanangu," alisema. Kisha akamwambia kijana, "Mtoto wa mdogo wangu. Jana ilikuwa bomba la ukutani. Leo ni yeye. Hataki kuniona nikihuzunika."

"Mama mkubwa, ni kweli! Naapa!"

"Najua, mama. Panda juu, ukapumzike."

"Watoto wa siku hizi wachache wana roho hiyo," kijana alisema kwa upole, na Jaji alitamani kumtupia chupa ya dawa ya kikohozi.

Hiyo ndiyo iliyokuwa zawadi ya uso ule. Alikuwa amedanganya bwenini akaaminiwa, amedanganya nyumbani akaaminiwa, na sasa alikuwa anasema kweli mbele ya watu wazima watatu, nao wanampa pole. Aligeuka, akapanda ngazi mbiombio, akapindua begi lake kitandani, akashuka na bomba.

Aliliweka juu ya kaunta. Mdomo wake ulikuwa na udongo mkavu.

"Nililichukua siku dada ameinama kutafuta plasta," alisema akihema. "Nilikuwa nachomeka kwa nyuma, upande wa ukutani, ili juu pasilowe. Nilipimia kidole chako. Njoo uone."

Alikizungusha chungu kikubwa. Nyuma ya majani, kwenye udongo uliogandamana, palikuwa na matundu, mengi, ya duara, kama yametobolewa na mdudu mwenye nidhamu. Alilichukua bomba akalipachika kwenye tundu mojawapo. Likaingia sawasawa.

Dada wa kaunta aliziba mdomo kwa kiganja. Mama mkubwa alilichomoa bomba udongoni, akaligeuza akasoma maandishi ya pembeni, akaenda mpaka kwenye boksi, akalirudisha mahali palipokuwa wazi, akalitoa tena, akalitazama.

"Kwa hiyo boksi lilikuwa sawa," alisema. "Nilihesabu sawa."

"Ndiyo, mama mkubwa."

"Na kikombe sikukishika."

"Hukukishika. Ulikumbuka vizuri kila kitu. Hakukuwa na kitu cha kukumbuka."

Mama mkubwa alikaa kwenye kiti cha wateja, kile cha wanaosubiri kupimwa presha. Kijana wa mtaa wa pili, ambaye alikuwa na akili, alisema atapita siku nyingine au asipite kabisa, akaaga, akatoka bila kugusa rafu.

Jaji alisubiri kandambili. Angeipokea kwa mikono miwili. Angeipokea hata kwa kichwa. Lakini mama mkubwa alinyoosha mkono mfukoni, akatoa simu, akampa.

"Nimewaambia ndugu zangu watatu kwamba naumwa," alisema. "Utawapigia wewe. Weka sauti nisikie."

Mama mdogo alipokea akilia, akasikiliza, kisha akawa mkali, kisha akalia tena, na kabla ya kukata alisema neno moja ambalo Jaji hakuwahi kulisikia likitoka mdomoni mwa mtu wa familia. Mjomba alipumua tu kwenye simu, muda mrefu, mpaka Jaji akarudia maelezo yake tangu mwanzo akidhani hajasikika. "Nimesikia," mjomba alisema, akakata.

Wa tatu alikuwa mama yake.

"Mwanangu, ni wewe?" Sauti ilikuwa ya haraka, ya mtu anayetembea. "Sikiliza, usimpe dada yangu simu kwanza. Nimeomba ruhusa, naacha masomo, nakuja kesho. Asikae peke yake dukani, unanielewa? Na usimkosoe akisahau. Sisi tulimkosoa mama yetu, mpaka leo najilaumu. Yaani namshukuru Mungu uko hapo wewe. Mimi nilikuwa nasema huyu mtoto kila kitu kwake ni mchezo. Nisamehe, mwanangu. Dada kaniambia jana ulivyomfariji."

Jaji alijikaza kisabuni.

"Mama, usiache masomo. Haumwi. Ni mimi." Akasema yote: bomba, matundu, Jumamosi, jani, na jinsi alivyosimama ngazini akasikia kilio kisha akaingia na uongo mwingine. Alisema bila koma. Alipomaliza, upande wa pili hatua zilikuwa zimesimama.

"Mpe simu dada yangu," mama yake alisema.

Alimpa. Hakujua kama aondoke au abaki, na mama mkubwa hakumwonyesha. Akabaki amesimama kati ya kaunta na chungu, mikono haina pa kukaa, akisikiliza nusu ya mazungumzo yanayomhusu.

"Ndiyo, mdogo wangu," mama mkubwa alisema. "Matundu nimeyaona kwa macho yangu. Ndiyo, bomba lile lile. Yuko hapa mbele yangu." Akasikiliza, na machozi yalimtiririka juu ya tabasamu pana, lisilo na aibu, la mtu aliyerudishiwa nyumba yake. "Sijui nimfanye nini. Kwanza acha nifurahi. Nina furaha mno, sijapata hata nafasi ya kumkasirikia."

Jaji aliinamisha macho. Lile tabasamu hakuweza kulitazama.